Barua haikufika, habari ikafika: mwisho wa Romeo na Juliet

Muulize yeyote aliyesoma Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, shuleni kwa nini wale vijana walikufa, atakujibu kwamba barua haikufika. Si uongo. Padri aliandika barua, mtu wa kuipeleka akakwama njiani, Romeo akaamini mkewe amekufa, akanywa sumu. Ila jibu hilo linatuachia nusu ya kisa. Katika matendo mawili ya mwisho kuna habari mbili zinazotumwa kutoka Verona kwenda Mantua, miji miwili ya Italia. Ya kweli ilikwama. Ya uongo ilifika salama, kwa farasi, mdomoni mwa mtumishi mwaminifu aliyeona mazishi kwa macho yake. Hiyo ya pili ndiyo iliyoua, na ndiyo isiyozungumzwa sana.

Kwa hiyo tutaupitia mwisho huu kwa kumfuata kila mhusika na kumwuliza swali moja: wewe unajua nini, na nani alipaswa kukuambia akanyamaza?

Shakespeare aliiandika tamthilia hii mnamo 1595. Chapa ya kwanza ilitoka 1597, ya pili, iliyo ndefu na kamili zaidi, ikatoka 1599. Mgawanyo wa matendo matano tulionao leo haumo katika chapa hizo. Ni kazi ya wahariri wa baadaye. Hilo si tatizo, maana mtu anayefuata kalenda ya kisa ataona kwamba kuanzia tunapoita tendo la nne mambo hayatulii tena mpaka watu wamelala makaburini. Kisa kizima, kuanzia ugomvi wa barabarani hadi alfajiri ya mwisho, kinachukua siku nne au tano tu. Mshairi Mwingereza Arthur Brooke, ambaye utenzi wake wa 1562 ndio Shakespeare alioutumia, aliwapa wapenzi hawa miezi kadhaa. Shakespeare aliikata yote hiyo. Akafanya na jingine la ajabu: aliwaambia watazamaji tangu dibaji kwamba vijana hawa watafariki na kwamba hakuna kingine ambacho kingezima uhasama wa wazazi wao. Anayekaa kutazama hangoji kujua kama watakufa. Anangoja kuona inakuwaje.

Tukumbushane walipofikia. Jumapili usiku walikutana kwenye karamu nyumbani kwa akina Capulet, ukoo wa Juliet, mahasimu wa akina Montague, ukoo wa Romeo. Jumatatu mchana Padri Laurence akawafungisha ndoa ya siri. Saa chache hazijapita, Tybalt, binamu yake Juliet, akamuua Mercutio, rafiki wa Romeo, na Romeo akamuua Tybalt. Mtawala wa Verona akamfukuza Romeo mjini. Usiku huo bwana na bibi harusi walilala pamoja kwa mara ya kwanza na ya mwisho, na Jumanne alfajiri Romeo akaondoka kwenda Mantua, mji ulio kama kilomita 40 kutoka Verona. Hata machozi ya kuagana hayajakauka, mama mtu anaingia na habari njema: Alhamisi utaolewa na Paris, kijana wa ukoo wa mtawala.

Juliet hajatimiza miaka 14. Anakataa, na baba yake anamjia juu kwa matusi: kama hutaki, toka, ukaombe barabarani, ukafie huko. Anamgeukia yaya aliyemlea tangu ananyonya, mtu pekee mle ndani anayejua kwamba ameshaolewa. Yaya anamshauri achukue tu huyu wa pili, maana wa kwanza ameshafukuzwa na hana faida. Hapo Juliet anaapa moyoni kwamba yaya hatajua siri yake tena. Watu wengi wanapita juu ya uamuzi huo kama hasira za binti. Mimi nauona ndio mlango wa maafa yote yanayofuata, kwa sababu kuanzia hapo siri inabaki kwa watu wawili, Juliet na padri, na kila mpango unaofuata utategemea wawili hao tu.

Tendo la nne linafunguka kwa Padri Laurence, na wa kwanza kufika kwake ni Paris. Amekuja kupanga misa ya harusi, hajui kwamba anaongea na mtu aliyemwoza bibi harusi huyo huyo kwa mwingine jana yake tu. Padri anajikanyaga kwa maneno, anasema mambo yanakwenda mbio mno. Juliet anapoingia, Paris anamwita mke wangu, naye anamjibu kwa lugha ya mafumbo, kila jibu lina sura mbili. Paris akishaondoka, binti anatoa kisu: nisaidie, au hiki kitanisaidia.

Msomaji wa leo hujiuliza hapa, na ana haki: kwa nini padri asiende kwa Capulet akamwambia ukweli? Binti wako ana mume, ndoa ni halali, huwezi kumwoza mara mbili. Kwa sheria ya Kanisa neno hilo lingetosha kuisimamisha harusi ya Alhamisi. Lakini angalia anayepaswa kulisema. Ndoa aliifunga yeye bila wazazi kujua. Mume mwenyewe ametoka kumwaga damu ya mtoto wa nyumba hiyo, na maiti haijamaliza siku mbili. Baba mwenyewe tumeshamwona akikasirika. Padri alikuwa amefungisha ndoa ile kwa matumaini kwamba itazipatanisha familia mbili, na mpango wake ulikuwa kungoja hasira zipoe, kisha aitangaze, amwombee Romeo msamaha kwa mtawala, amrudishe kwa shangwe. Anachotafuta sasa ni muda. Mimi sioni uoga peke yake hapo, naona mzee aliyependa hesabu zake kiasi cha kushindwa kuziacha.

Basi anampa Juliet dawa. Ukiinywa, anamwambia, mapigo ya moyo yatanyamaza, pumzi itakatika, mwili utapoa, midomo na mashavu vitapauka kama jivu. Utakaa hivyo saa 42, halafu utaamka kama mtu aliyetoka usingizi mtamu. Watakukuta asubuhi ya harusi umekufa, watakuvika nguo zako nzuri, watakubeba uso wazi kwenda kwenye kaburi la ukoo wenu. Mimi na Romeo tutakuwepo ukiamka, naye atakuchukua usiku ule ule kwenda Mantua.

Kaburi hili si shimo la kufukiwa udongo kama letu. Ni chumba cha chini ya ardhi chenye mlango, ambamo maiti za ukoo mmoja hulazwa kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana mtu aliyelazwa humo anaweza kuamka na kutoka. Ndiyo maana pia Romeo atabeba sururu na mtaimbo, Tybalt ataonekana pale pale ndani ya sanda yenye damu, na watu walio hai wataweza kuingia na kuongea juu ya maiti. Bila kulielewa hilo, tendo la tano halina mantiki.

Sasa dosari. Padri anamwambia Juliet arudi nyumbani, achangamke, akubali kuolewa na Paris, kisha Jumatano usiku ahakikishe analala peke yake na kunywa dawa. Juliet anatii mno. Anampigia baba magoti, anaomba radhi, anasema yuko tayari. Capulet anafurahi hadi anapoteza subira: harusi isingoje Alhamisi, iwe kesho! Mkewe anamwambia hatujajiandaa, hamsikii. Kwa hiyo dawa iliyopangiwa Jumatano usiku inanywewa Jumanne usiku, na barua inayotakiwa kufika Mantua inapoteza siku nzima. Ukikitafuta kilichosababisha, utakikuta ndani ya maagizo ya padri mwenyewe. Utii wa uongo aliomfundisha binti ndio uliosogeza harusi mbele.

Usiku huo Juliet anabaki peke yake na kichupa. Ukipata nafasi ya kusoma ukurasa mmoja tu wa tendo la nne, soma huu. Anaanza kwa kutaka kumwita mama na yaya warudi, halafu anajizuia: kazi hii ni ya mtu mmoja. Kisha maswali. Je, dawa isipofanya kazi? Anaweka kisu kando yake. Je, ikiwa ni sumu, padri anataka niondoke ili aibu ya kufungisha ndoa mbili isimwangukie? Wazo hilo analiangalia, halafu analitupa, maana mzee huyu siku zote amekuwa mtu wa Mungu. Je, nikiamka kabla ya Romeo kufika, nikakosa hewa? Au nikapata hewa lakini nikapata na wazimu, nikachezea mifupa ya mababu, nikamvua Tybalt sanda, nikajipasua kichwa kwa mfupa wa babu mmojawapo? Hofu inapanda hadi anamwona Tybalt mwenyewe akimtafuta Romeo. Anapiga kelele, anamwambia Tybalt asimame, anamwita Romeo, anakunywa.

Tazama jinsi hofu zake zilivyopangwa. Amefikiria dawa kushindwa, amefikiria usaliti, amefikiria kukosa hewa, amefikiria kichaa. Alichokosa kufikiria ni kwamba Romeo atafika mapema mno, akiwa na habari za kweli juu ya mazishi yake. Padri naye hakufikiria. Watu wawili wenye akili wamekaa juu ya mpango, wakasahau kwamba maiti ikipitishwa barabarani mchana kweupe, mji mzima utaiona.

Jumatano asubuhi nyumba inafukuta. Capulet hajalala, kengele imegonga saa tisa usiku, wapishi wanaitisha tende na matunda ya keki, yaya anatumwa kumwamsha bibi harusi. Kilio kinachofuata kimewasumbua wahakiki wengi, kwa sababu wazazi, yaya na Paris wanaomboleza kwa maneno yanayojirudia hadi yanakaribia kuchekesha. Mimi nadhani ni makusudi. Sisi watazamaji tunajua yuko hai, hatuwezi kulia nao. Tunawasikia tu. Padri anawakaripia wanyamaze, mwenzao yuko mbinguni, na anaharakisha mazishi. Katika chumba hicho ni yeye tu anayejua, na maneno ya faraja anayotoa ni ya uongo yote.

Mara wanamuziki wa harusi waliokodishwa wanabaki jukwaani wakitaniana na mtumishi Peter juu ya malipo na chakula. Chapa ya 1599 imeacha humo jina la mwigizaji badala ya mhusika, Will Kemp, mchekeshaji mkuu wa kundi la Shakespeare. Watu walikuwa wamelipa kiingilio kumwona, lazima apewe dakika zake. Maonyesho mengi ya siku hizi huikata sehemu hiyo.

Tunafika Mantua, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Romeo ameamka na furaha. Ameota kwamba alikuwa amekufa, Juliet akaja akambusu hadi akafufuka. Mtumishi wake Balthasar anaingia na buti za safari. Romeo anamwuliza mambo mengi kwa pamoja, na la kwanza kabisa ni: hukuniletea barua kutoka kwa padri? Balthasar anamwambia Juliet amelazwa kaburini kwa akina Capulet, nimemwona mwenyewe akiingizwa, nikapanda farasi hapo hapo kuja kukuambia. Romeo anazikaidi nyota, yaani majaaliwa yake, anaagiza farasi. Kisha anauliza mara ya pili: huna barua yoyote kutoka kwa padri? Hapana, bwana wangu. Basi, haidhuru.

Kwa nini anauliza mara mbili? Rudi tendo la tatu. Usiku wa kuagana, Padri Laurence alimwahidi Romeo kwamba atamtafuta mtumishi wake, na kupitia mtumishi huyo atampelekea kila habari njema ya Verona. Njia ya mawasiliano ilishawekwa, na mtu wake ni Balthasar. Kwa upande wa Romeo, Balthasar kuja bila barua maana yake padri hana la kuongeza. Habari imethibitishwa kwa ukimya. Lakini mpango wa dawa ulipotungwa, padri hakumtafuta Balthasar. Alimtuma mtawa mwenzake, John. Yule aliyepewa kazi ya kupeleka habari hakuambiwa chochote, akaona alichokiona kila mtu, akafanya alichoahidi kufanya. Hana kosa. Alikuwa mwepesi na mwaminifu, na kwa wepesi na uaminifu wake akamfikishia bwana wake kifo.

Na huyo John? Alitafuta mtawa mwenzake wa kusafiri naye, akamkuta katika nyumba ya wagonjwa. Wakaguzi wa afya wa mji wakashuku kwamba nyumba ile ina tauni, wakaifunga milango kwa mhuri, watawa wote wawili ndani. Barua haikwenda Mantua, na hata kuirudisha kwa Laurence haikuwezekana, kila mjumbe aliogopa kuishika. Watu wa London waliotazama onyesho hilo hawakuhitaji maelezo. Tauni ilikuwa imefunga kumbi za michezo za jiji lao kwa sehemu kubwa ya kipindi cha 1592 hadi 1594, na nyumba zenye wagonjwa zilifungwa namna hiyo hiyo. Msomaji aliyepitia 2020 naye anaelewa karantini ni nini. Mercutio, alipokuwa anakata roho, aliziapiza familia zote mbili zishikwe na tauni. Haikushika nyumba ya Capulet wala ya Montague, lakini ilishika mlango mmoja uliotosha.

Ila soma vizuri mazungumzo ya watawa hao wawili. Laurence anashtuka na kusema barua ile haikuwa ya salamu, ilibeba jambo zito. Anayaeleza hayo sasa! John alikuwa amebeba uhai wa watu wawili mfukoni bila kuambiwa. Angejua, je, angeanza kwa kumtafuta mwenzake wa safari kwenye nyumba ya wagonjwa?

Wakati huo Romeo amekumbuka duka moja duni la muuza dawa: kobe anayening'inia, mamba aliyekaushwa, ngozi za samaki wa ajabu, makasha matupu yamepangwa kwa nafasi ili rafu zionekane zimejaa. Sheria ya Mantua inamwua anayeuza sumu. Romeo anaweka dukati 40 za dhahabu. Muuza dawa anasema ni ufukara wake unaokubali, hiari yake haijakubali. Romeo anajibu kwamba analipa huo ufukara, na kwamba dhahabu anayotoa ni sumu mbaya kuliko anayopewa. Hotuba ile ya duka ni ndefu kwa mtu anayekimbilia kufa, na baadhi ya waongozaji huipunguza. Ningekuwa mwongozaji ningeiacha. Ni mara pekee Romeo anamtazama mtu mwingine kwa makini katika tendo zima.

Maana hakumsikiliza hata Balthasar. Kaburini, baada ya kupigana gizani na mtu asiyemjua na kumwua, anasogeza taa na kugundua ni Paris. Hapo anajiuliza: mtumishi wangu aliniambia nini tulipokuwa njiani, akili yangu ikiwa mbali? Nadhani alisema Paris alikuwa amwoe Juliet. Au niliota? Yaani aliambiwa. Njia nzima kutoka Mantua alikuwa na mtu anayejua kwamba Juliet alikufa asubuhi ile ile ya harusi ya kulazimishwa, sadfa ambayo ingemfanya mtu yeyote mtulivu asite. Paris naye alikuja na maua, akaamini kwamba huyu Montague amekuja kunajisi maiti. Akafa bila kujua kwamba aliyemwua ndiye mume.

Halafu Romeo anamwangalia Juliet. Anaona midomo na mashavu bado vina wekundu, bendera ya mauti haijafika hapo. Sisi tunakumbuka maneno ya padri kuhusu jivu, tunajua wekundu huo maana yake dawa inaisha nguvu. Ushahidi wote uko mbele ya macho yake, amebaki kidogo tu kuusoma. Anausoma vingine: kwamba mauti yamempenda na yanamweka humo kama kimada. Anaaga, anakunywa, anabusu, anakufa.

Saa 42, zimetoshea wapi? Watu wamezihesabu sana. Tuseme Juliet alikunywa Jumanne saa nne usiku: saa 42 zinaishia Alhamisi saa kumi jioni, jua likiwa bado linawaka. Tuseme alichelewa kabisa, hadi kengele ya saa tisa usiku: zinaishia Alhamisi saa tatu usiku. Lakini Balthasar alipanda farasi mara tu baada ya mazishi ya Jumatano, na Romeo akaapa kulala na Juliet usiku ule ule, kwa hiyo tungetegemea Alhamisi kabla ya alfajiri. Mlinzi wa usiku naye anasema Juliet alikuwa amezikwa siku mbili, jambo linalotusukuma hadi Ijumaa. Hesabu haifungi vizuri upande wowote. Mwenye tamthilia, nadhani, alitaka tu tusikie padri akitaja namba kamili kwa kujiamini kote kule, kisha tuone namba hiyo ikimponyoka.

Kwa sababu padri yuko njiani, na anajikwaa. Katika tendo la pili ndiye aliyemwonya Romeo kwa maneno ambayo sisi tungesema mwenda pole hajikwai. Sasa mzee anakimbia makaburini na mtaimbo, miguu inagonga mawe. Anaambiwa na Balthasar kwamba Romeo yumo ndani tangu nusu saa. Anaingia, Romeo amekufa, Paris amekufa, na Juliet anafumbua macho na kuuliza mume wangu yuko wapi. Anamjibu kwamba nguvu kubwa kuliko sisi imevuruga mipango yetu, twende, nitakuweka kwenye nyumba ya masista. Nje kuna kelele: mtumishi wa Paris, kwa kufanya jambo la busara kabisa, amewaita askari wa doria. Padri anaogopa, anakimbia, anamwacha mtoto wa miaka 13 na maiti mbili. Juliet anatafuta sumu, haikubaki tone. Anambusu Romeo, midomo bado ina joto. Anachukua jambia la mumewe, anajichoma, mwili wake ukawa ala ya jambia hilo.

Ile dakika ya yeye kuamka amechelewa kidogo tu haikuwepo tangu mwanzo wa kisa hiki. Waitaliano waliokisimulia kabla, Luigi da Porto na Matteo Bandello, walimwamsha Juliet kabla Romeo hajakata roho, wakaongea. Mfaransa Boaistuau ndiye aliyewatenganisha katika tafsiri yake ya 1559, na Brooke akamfuata. Watazamaji hawakuizoea moja kwa moja: mwaka 1748 David Garrick alirudisha mazungumzo ya kaburini kwenye jukwaa la London kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, na wengi walimpenda kwa hilo kwa karibu miaka 100. Mwaka 1845 Mmarekani Charlotte Cushman, mwanamke aliyecheza Romeo huku dada yake akiwa Juliet, aliurudisha mwisho wa Shakespeare. Ninaelewa utamu wa toleo la Garrick, mtu analia vizuri zaidi. Lakini ukiwapa wapenzi nafasi ya kuongea, Romeo anakufa akijua ukweli, na hapo kisa kinakuwa kingine kabisa.

Baada ya Juliet kufa tamthilia inaendelea kwa kurasa kadhaa ambazo watu wa sinema na jukwaa wanapenda kuzikata. Mtawala anakuja, Capulet na mkewe wanakuja, Montague anakuja peke yake, mkewe amekufa usiku huo kwa huzuni ya mtoto kufukuzwa. Padri anakamatwa, anasema atakuwa mfupi, halafu anasimulia kila kitu tulichokwisha kukiona, mistari 40 hivi. Mtazamaji anachoka, ni kweli. Wanaosikiliza pale jukwaani ndio ambao hawajawahi kuyasikia. Ni mara ya kwanza katika kisa kizima mtu mmoja anaeleza mambo yote mbele ya wote wanaohusika, na kama hotuba hiyo ingetolewa Jumanne, kila aliyelala pale chini angekuwa hai. Balthasar anatoa barua ambayo Romeo alimwandikia baba yake. Hata hiyo hapewi mwenyewe: mtawala anaichukua na kuisoma, inathibitisha maneno ya padri.

Capulet anamwomba Montague mkono. Montague anasema atampa zaidi, atasimamisha sanamu ya Juliet ya dhahabu tupu. Capulet anajibu kwamba Romeo naye atalazwa kando yake kwa thamani hiyo hiyo. Wengine wanaona upatanisho hapo. Mimi nawasikia wazee wawili matajiri wakiendelea kushindana.

Mtawala anafunga kwa kusema wengine watasamehewa na wengine wataadhibiwa, bila kutaja jina. Brooke alitaja: muuza dawa alinyongwa, mtumishi wa Romeo akaachiwa kwa kuwa alitii bwana wake, padri akaachiwa na kwenda kuishi peke yake nje ya mji hadi alipofariki miaka mitano baadaye, na yaya akafukuzwa kwa kuificha ndoa. Shakespeare amemwacha padri atamke kwamba yuko tayari kufa ikiwa kosa ni lake, na mtawala akamjibu kwamba siku zote tumekujua kama mtu wa Mungu. Yaya anatajwa mara moja tu katika maelezo ya padri, kwamba ndoa aliijua. Asubuhi ya Jumatano alilia kuliko wote mbele ya kitanda cha bibi harusi aliyekuwa na mume tayari, wala hakulisema hilo kwa Capulet, kwa mkewe, wala kwa Paris. Kaburini hayupo, na hakuna anayemwita aje kujibu.